Soga za Ruti na Sikio la Mwalimu

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuihakiki lugha siku ile inapovaa kanzu ya Idi. Tunalihakiki shairi, tunaihakiki riwaya, tunaihakiki tamthilia. Na tangu fasihi simulizi ilipopewa nafasi yake katika mitaala yetu, tunazihakiki pia ngano, methali na vitendawili. Lakini lugha hiyohiyo inapovua kanzu na kuketi juu ya benchi mbele ya duka, wakati wa jioni, miongoni mwa marafiki wasio na jambo kubwa la kuambiana, tunaipita tukidhani kwamba hapo hapana cha kuhakikiwa. Ni kweli kwamba vitabu vyetu vya fasihi simulizi huitaja soga, ila aghalabu kwa maana finyu ya kijihadithi cha kuchekesha chenye mwanzo na mwisho. Soga kwa maana yake pana, yaani mazungumzo ya kupitisha wakati baina ya watu waliozoeana, haijapewa sura yake katika vitabu hivyo.

Makala haya yanakusudia kuihakiki soga ya namna hiyo kama tunavyohakiki utungo mwingine wowote: kwa kuitazama fani yake, dhamira yake na kasoro zake. Mfano tutakaoutumia umetoka Ruti, kitongoji cha mji wa Mbarara upande wa Nyamitanga, katika magharibi ya Uganda, mahali ambapo watu wa mjini hukutana na watu waliotoka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hoja yetu ni moja. Soga ni kazi ya lugha yenye kanuni zake, na kanuni iliyo kuu ni kumwachia mwenzako nafasi ya kusema lile asiloweza kulisema waziwazi. Mtu anayeipima soga kwa sarufi peke yake hupima kitambaa kwa kibaba. Mwandishi anaijua hoja hii kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kukosea kipimo hicho, na kosa lake litaelezwa mahali pake.

Mahali na wasemaji

Makazi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Tangu hapo kila msiba wa eneo hili la Afrika umeleta watu wake: Wakongo baada ya vita vilivyoanza mwaka 1996, Warundi baada ya machafuko ya mwaka 2015, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Leo wakaaji wake wamepita laki moja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kwenda huku na huko, na kwa hiyo wapo wanaokuja Mbarara kutafuta riziki, na miongoni mwao wapo wanaopanga vyumba Ruti.

Watu hawa hawana lugha moja ya mama. Lakini wote wanalo neno la jambo tunalolijadili. Mnyankore husema okugaaniira, Mnyarwanda kuganira, Mrundi kuyaga, na Mkongo aliyezoea Lingala husema masolo. Kila mmoja amelileta pendo la kuzungumza kutoka kwao, na pale Ruti wamelipa nyumba moja, nayo ni Kiswahili. Si Kiswahili cha Unguja, wala si kile tunachokifundisha darasani. Ni Kiswahili kilichopita Bukavu na Goma, kikalala Nakivale, kisha kikapanda gari kuja Mbarara.

Benchi tunalolizungumzia liko mbele ya duka dogo. Wanaoketi hapo jioni ni fundi cherehani aliyetoka Kivu, ambaye cherehani yake imewekwa barazani pa duka hilo. Kijana Mnyankore mwenye bodaboda. Mzee Mrundi anayeuza mkaa. Na mwenye duka mwenyewe, anayeshiriki kutoka ndani akiwa nyuma ya mizani. Mwandishi aliongezeka baadaye, naye alikuwa na kiti chake cha plastiki, jambo ambalo halikumsaidia.

Fani ya soga

Hebu tuutazame mfano wenyewe. Fundi ndiye aliyesemeshwa, na mwenye bodaboda ndiye aliyeanza. Tumeyaandika maneno kama yalivyotoka kinywani, bila kuyanyosha.

— Jambo, fundi.
— Jambo sana. Umeamuka?
— Nimeamuka. Batu ba kwako beko?
— Beko. Mvua ilitunyesheya usiku muzima.
— Na kuku?
— Kuku iliamuka mbele yangu.
— Basi ni yeye mwenye nyumba.
— Ndiyo. Miye niko napanga kwake.

Msomaji asiye na haraka ataona kwanza kwamba soga hii ina umbo. Inaanza kwa maamkizi, na maamkizi hayo hayatafuti habari. Jua lilikuwa limekwisha kutua fundi alipoulizwa kama ameamka, naye aliyeuliza alikuwa ameketi mbele yake. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, katika makala yake ya mwaka 1923 juu ya maana katika lugha, aliyatenga mazungumzo ya namna hii kama aina yake mbalimbali: maneno yanayosemwa ili kuwafunga watu pamoja, wala si kwa ajili ya kupeleka fikra. Katika maamkizi haya hapana shaka kwamba alisema kweli. Tutaona hivi punde kwamba katika sehemu inayofuata hakufika mbali vya kutosha.

La pili, soga hii inakwenda kwa zamu fupi, na kila zamu humwekea mwenzake mlango. Swali la kuku halina maana yoyote likitazamwa peke yake. Hakuna aliyekuwa akimtafuta kuku. Ni swali la kumpa fundi kitu cha kuchezea, kama mtu anavyomrushia mwenzake mpira mwepesi. Fundi angeweza kujibu kwamba kuku yupo, na soga ingepita mahali pengine. Badala yake alimwamsha kuku kabla yake mwenyewe. Kijana akaudaka mzaha, akampandisha kuku daraja hata akawa mwenye nyumba. Ndipo fundi akaukamilisha kwa kujishusha yeye mwenyewe: mimi ni mpangaji wa kuku.

Katika mashairi yetu ya kujibizana tunaisifu sanaa ya kulipokea neno la mwenzako na kulirudisha likiwa limegeuzwa. Tofauti hapa ni kwamba watungaji ni wawili na utungo ni mmoja, hakuna anayeshindana, na hakuna atakayekumbuka kesho nani alisema lipi. Mizani na vina havipo. Lakini kipo kile ambacho mizani na vina vilikusudiwa kukileta, yaani kila neno kuketi mahali palipoandaliwa na lililotangulia.

La tatu ni lugha yenyewe. Sarufi ya shuleni italia hapa karibu katika kila mstari. Batu badala ya watu, beko badala ya wako, kuku iliamuka badala ya kuku aliamka, mbele yangu badala ya kabla yangu. Lakini tazama maneno niko napanga. Kiswahili sanifu kitasema ninapanga, na ninapanga inaweza kumaanisha kupanga chumba, au kupanga mambo, au kupanga viti. Niko napanga, kama Wakongo wanavyoitumia, humweka msemaji ndani ya hali anayoisema: yumo ndani yake, na hajatoka. Kwa fundi yule, tofauti hiyo ilikuwa na uzito wake, kama tutakavyoona.

Dhamira, na kosa la mhakiki

Sasa ni lazima mwandishi aeleze alilolifanya. Aliposikia maneno kuku iliamuka, sikio lake la miaka mingi ya ubao na chaki lilishtuka, na kwa nia njema kabisa aliingilia. Alisema kwamba kuku ni kiumbe chenye uhai, na kwa hiyo tunasema kuku aliamka, si kuku iliamuka. Na akaongeza mfano wa ng'ombe. Fundi aliacha kanyagio la cherehani. Akasema, "Ndiyo, mwalimu. Kuku aliamka. Asante, mwalimu." Kijana wa bodaboda alitazama simu yake. Mzee wa mkaa alisema kwamba kumekucha usiku, maneno ambayo kwa kawaida humaanisha kwaheri. Soga ilikuwa imekufa, na aliyeiua alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki akiwa ameridhika.

Siku chache baadaye kijana wa bodaboda alimchukua mwandishi kwenda mjini, na njiani alimweleza jambo ambalo kila mtu wa benchi lile alikuwa analijua. Fundi alikuwa na deni la kodi la miezi miwili. Mwenye nyumba alikuwa amekuja asubuhi ileile, mapema, kabla fundi hajaamka. Basi kuku aliyeamka kwanza na kugeuka mwenye nyumba hakuwa kuku. Na yule aliyesema niko napanga kwake alikuwa anawaambia rafiki zake, bila kuomba, bila kuinamisha kichwa, kwamba bado yumo katika chumba kile lakini hajui kwa muda gani. Kijana naye alikuwa ameelewa. Alikuwa amekusudia, zamu yake ikifika, kusema kwamba ana suruali mbili za kupunguzwa na kwamba atalipa kabla ya kazi. Zamu yake haikufika. Kuku alikuwa amepewa upatanisho wa kisarufi.

Hapa ndipo tunapomwacha Malinowski. Soga ya Ruti haifungi watu pamoja kwa maneno matupu. Inapeleka habari nzito, lakini inaipeleka ikiwa imefungwa katika jani la mgomba, ili anayeipokea aweze kuipokea au kuiacha bila mtu yeyote kuaibika. Kama kijana asingekuwa na suruali, angecheka tu habari za kuku, na fundi asingekuwa ameomba na kunyimwa. Hiyo ndiyo kanuni ya nafasi tuliyoitaja mwanzoni. Mzaha umejenga mlango ambao mtu anaweza kuingia au kuupita, na heshima ya wote ikabaki palepale.

Ipo pia sehemu ya dhamira ambayo huonekana kwa kutokuwapo kwake. Katika jioni nyingi alizokaa pale, mwandishi hakusikia hata mara moja rafiki akimwuliza rafiki maswali haya: Ulitoka lini? Ulikimbia kwa sababu gani? Nani alibaki? Mgeni anaweza kudhani kwamba watu hawa hawajaliani. Sivyo. Wengi wao wamekwisha kuulizwa maswali hayo mezani, mbele ya karani mwenye fomu, na majibu yao yamepimwa kama yanalingana na yale waliyoyatoa mara ya kwanza. Mtu akiulizwa maisha yake kwa namna hiyo, maisha hayo huwa faili. Benchi la Ruti ni mahali ambapo mtu si faili. Ataulizwa habari za kuku, za mvua, za bei ya mkaa, za mchezaji aliyekosa bao, na siku akitaka mwenyewe kusema lililompata, atasema, nao watamsikiliza. Waswahili husema kimya kina mshindo mkuu; katika soga hizi kimya cha asiyeuliza ni sehemu ya utungo, kama vile mapumziko katikati ya mshororo.

Kasoro za soga

Mhakiki anayesifu tu hajahakiki. Soga za Ruti zina kasoro, na ni haki kuzitaja.

Kasoro ya kwanza ni kwamba benchi lile ni la wanaume. Wanawake hupita, huamkia, hununua chumvi, na huendelea na safari. Soga zao ziko mahali pengine: kwenye bomba la maji, barazani wakati wa kusukana nywele, na sokoni penye vitambaa vilivyotandikwa chini. Kila tunalolisema hapa juu ya soga ni nusu ya habari, na nusu ya pili inamngoja mwalimu mwanamke atakayeketi mahali ambapo mwandishi hawezi kuketi bila kuiharibu soga mara ya pili.

Kasoro ya pili ni umbea. Kiswahili chenyewe kimetenganisha mambo haya kwa uangalifu kuliko sisi walimu. Soga ni ya waliopo. Umbea humla asiyekuwapo. Porojo ni maneno yasiyo na mwenyewe wa kuyajibu. Mipaka baina ya vitu hivi vitatu ni myembamba, na saa mbili za usiku, watu wakiwa wamechoka, benchi la Ruti huivuka. Mwandishi amesikia jina la mtu mwema likitafunwa pale kama kipande cha muwa, kwa sababu tu hakuwa amepita jioni ile. Kanuni ya nafasi imevunjwa hapo, maana aliyesemwa hana zamu.

Kasoro ya tatu ni nzito zaidi, nayo inahusu utani. Wasomaji wetu wa Tanzania wanaujua utani wa makabila, ambao huwapa watu wa makabila fulani ruhusa ya kusemana, hata msibani, bila kukasirikiana. Ruhusa hiyo imetolewa na mababu, na kila mtu anajua mipaka yake. Wakaaji wa Ruti waliotoka pande mbalimbali hawana mababu waliowapa ruhusa ya namna hiyo. Kinyume chake, baadhi yao wametoka katika nchi ambako maneno ya mzaha juu ya umbo la kabila jingine yalitangulia mapanga. Jioni moja mpita njia alifanya mzaha wa aina hiyo, akidhani kwamba anachangia. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemkemea. Fundi aliinama akakata uzi uliokwisha kukatwa, na kijana akawasha pikipiki yake ingawa hakuwa na abiria. Mpita njia akaenda zake.

Hapo hadhira ilikuwa imehakiki kabla ya mhakiki. Lakini kasoro imo: soga haina njia ya kumfundisha aliyekosea, ila njia ya kumwacha peke yake. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Mashetani iliyotolewa mwaka 1971, aliwaonyesha vijana wawili, Juma na Kitaru, ambao ni marafiki na wanaozungumza sana, na huku historia ya nchi na ya tabaka la kila mmoja ikikaa katikati yao kama mtu wa tatu. Katika kuihakiki tamthilia ile tumezoea kuyasoma mazungumzo yao kama ishara za mambo ya siasa. Si vibaya. Lakini mtu aliyekaa Ruti atasoma pia jambo la karibu zaidi, kwamba urafiki unaweza kuwa na maneno mengi na bado ukakosa lugha ya lile linaloutafuna. Soga inaweza kulizunguka jeraha. Kulitibu si kazi inayoiweza, na tusiisingizie.

Sikio la mwalimu

Tumebakiwa na swali linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwalimu wa Kiswahili afanye nini mbele ya soga ya namna hii?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Uganda. Kiswahili sanifu tunachokifundisha kilipata msingi wake mwaka 1928, lahaja ya Unguja ilipochaguliwa, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya nchi nne, Uganda ikiwa mojawapo. Hata hivyo katika Uganda lugha hii ilikaa muda mrefu zaidi kambini kuliko darasani. Ilikuwa lugha ya askari wa kikoloni, na baadaye ya vizuizi vya barabarani. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo hilo halikuiongezea mapenzi. Mwaka 2005 Katiba iliipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo walimu tunahitajika leo kuliko wakati wowote, na hilo ni jambo la kufurahia.

Lakini tazama jinsi hali ilivyo ya ajabu. Tunaingia katika shule za magharibi ya Uganda kuwafundisha Kiswahili watoto ambao jirani zao, na pengine baba zao, wanakitumia kila siku kucheka, kukopa na kufarijiana. Nasi jambo la kwanza tunalowaambia watu hao ni kwamba hawakijui. Mtoto wa fundi anapotoka shuleni na kumsahihisha baba yake, baba hunyamaza, kama alivyoninyamazia mimi. Lugha iliyokuwa ikichukuliwa katika nchi hii kuwa ya amri inaweza kurudi tena kuwa ya amri, safari hii kwa mkono wa mwalimu.

Mwenzetu mmoja ataleta pingamizi, nalo ni la haki. Atasema: tukiiacha batu iingie darasani, tutafundisha nini, na mtoto atafaulu vipi mtihani? Hatusemi iachwe. Mtoto wa Nakivale anakihitaji Kiswahili sanifu kuliko mtoto yeyote, kwa kuwa hicho ndicho kitakachomfikisha Arusha, Nairobi au Dar es Salaam bila kuulizwa kila mara ametoka wapi. Tunalolisema ni kwamba kila lugha ina kipimo chake na mahali pake. Insha ipimwe kwa sarufi sanifu. Soga ipimwe kwa kuuliza: je, lililokusudiwa lilifika, na aliyelisema alibaki na heshima yake? Mtafiti Kai Kresse, katika kitabu chake juu ya falsafa ya Mombasa kilichotolewa mwaka 2007, ameonyesha kwamba baraza za watu wa kawaida ni mahali pa fikra zinazostahili kusikilizwa. Ikiwa hivyo ndivyo kwa baraza za Mji wa Kale wa Mombasa, basi benchi la Ruti nalo lisinyimwe sikio kwa sababu tu matamshi yake yametoka Kivu.

Tunapendekeza zoezi moja, ambalo mwandishi amelijaribu na kuliona linafaa. Mwanafunzi aandike mistari minane ya soga aliyoisikia nyumbani, kama ilivyosemwa, bila kuyataja majina ya wasemaji na bila kufichua siri ya mtu. Kisha aeleze kwa Kiswahili sanifu ni nini hasa kilichokuwa kikisemwa. Mwisho aitafsiri soga yenyewe kwa Kiswahili sanifu, na aonyeshe kilichopotea njiani. Katika hatua ya pili atajifunza uhakiki. Katika ya tatu atajifunza sarufi, na ataijifunza vizuri zaidi kwa sababu atakuwa anaona kazi inayofanywa na kila kiambishi. Na katika hatua ya kwanza atajifunza jambo ambalo mwandishi alichelewa kulijifunza, nalo ni kusikiliza hadi zamu ya mwisho.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba soga ya marafiki ina fani, kwa kuwa inakwenda kwa zamu zinazoandaliana. Kwamba ina dhamira, kwa kuwa hubeba habari ambazo heshima haziruhusu zisemwe wazi. Na kwamba ina kasoro, kwa kuwa humwacha nje mwanamke, humla asiyekuwapo, na hushindwa na majeraha makubwa. Utungo wenye mambo hayo yote unastahili nafasi katika uhakiki wetu.

Mwandishi aliendelea kwenda Ruti. Kwa wiki kadhaa benchi lile lilimpa Kiswahili cha tahadhari, kisafi na kisicho na ladha, na mazungumzo yenyewe yaliendelea kwa Kinyankore mara alipogeuka. Hakuomba radhi, kwa sababu hakujua aombe kwa maneno gani bila kuifanya aibu ya fundi kuwa habari ya wazi. Siku moja alipofika, fundi alimtazama kutoka kwenye cherehani akamwuliza, "Mwalimu, leo kuku aliamuka ao iliamuka?" Benchi zima likacheka, na mwenye duka akacheka kutoka nyuma ya mizani. Mwandishi alijibu kwamba kuku wa kwake bado amelala. Tangu siku hiyo anaitwa pale Mwalimu wa Kuku, na amelikubali jina hilo.

Ama zile suruali mbili, aliambiwa baadaye kwamba zilimfikia fundi siku ya tatu yake, kwa maneno mengine na mzaha mwingine, wakati yeye hakuwapo.